Mke akae nyumbani, sawa, na matumizi anatoa nani? Kuwaelewa wahafidhina wanaoukataa ufeministi

Wiki mbili kabla ya Ramadhani mtoto wa dada yangu alipita dukani kwangu Makorora, akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa kwenye lile benchi la nje akaanza kunionyesha video kwenye simu. Jamaa mmoja wa Kimarekani anaongea harakaharaka mbele ya maiki kubwa, chini kuna maneno ya Kiswahili yametafsiriwa hovyo, anasema ufeministi umeharibu wanawake wa dunia nzima na mwanaume mwenye akili zake asioe mwanamke mwenye kazi. Mwanangu huyu ana miaka 26, yuko mbioni kuoa, na mchumba wake ni mwalimu wa shule ya msingi. Akaniambia, "Mamdogo, huyu anasema kweli, hata dini yetu ndo inavyosema." Nikamuuliza dini yetu inasema nini hasa. "Mke akae nyumbani, amtii mume." Na mume je? "Mume ndo kichwa." Nikamuuliza kichwa kazi yake nini, akacheka, mteja akaingia anataka vitenge vya sare, mazungumzo yakaishia hapo, lakini mimi yakanikaa.

Naandika haya kwa sababu naona hapa Tanga, barazani, kwenye vikoba, kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanagombana kuhusu ufeministi kama vile ni kitu kimoja na wanaoupinga nao ni watu wa aina moja, wakati sivyo kabisa. Anayeukataa kwa sababu ya dini, anayeukataa kwa sababu ya mila za kwao, na anayeukataa kwa sababu kaona video ya jamaa wa Marekani, hawa ni watu watatu tofauti na mara nyingine wanapingana wao kwa wao bila kujua. Mi mwenyewe kwa mambo mengi ni mhafidhina tu, navaa baibui, naamini ndoa, sioni unyonge wowote kumpakulia mume wangu chakula. Lakini naumia nikiona dini inasomwa nusunusu, ile nusu ya kumbana mwanamke inasomwa kwa sauti na ile ya kumbana mwanaume inarukwa.

Kwanza tuwatendee haki, tuseme wanachoamini kwa namna ambayo wao wenyewe wakisoma wataitikia kwamba ndiyo, hicho ndo tunachosema. Mhafidhina mkweli hasemi mwanamke ni kiumbe duni. Anasema mwanamke na mwanaume ni sawa kwa utu na mbele ya Mungu ila hawakuumbiwa kazi zilezile, kila mmoja ana nafasi yake, na nyumba inasimama pale kila mtu anapobeba fungu lake. Anasema mtoto anahitaji mama aliye karibu, kwamba kumlea binadamu si kazi ndogo kuliko kukaa ofisini, na kwamba ukimwambia mwanamke thamani yake iko kwenye mshahara peke yake umemtukana mama yako aliyekulea bila mshahara. Haya si maneno ya kijinga, na mwanaharakati anayeyacheka bila kuyajibu anapoteza wasikilizaji, kwa sababu wanawake wengi wa mtaani kwangu ndo wanavyoamini hivyohivyo.

Ufeministi nao ni mti wenye matawi mengi. Shina lake ni dai moja, kwamba mwanamke asinyimwe haki kwa sababu tu ni mwanamke. Wa mwanzo huko Ulaya walidai vitu ambavyo leo hakuna anayebisha, kusoma, kumiliki mali, kupiga kura. New Zealand wanawake walipata kura 1893, Uingereza 1918 tena kwa wenye miaka 30 kwenda juu, mpaka 1928 ndo wakalingana na wanaume, Ufaransa 1944, na Uswisi, nchi ya mabenki na saa, kura ya taifa walipewa 1971, yaani miaka 10 baada ya Tanganyika kupata uhuru! Halafu yakaja matawi mengine, wapo waliosema tatizo ni kazi za nyumbani zisizolipwa, wapo waliosema tatizo ni ndoa yenyewe, wapo wa uzazi wa mpango na utoaji mimba, na hapo ndipo watu wa dini waliposhtuka. Sasa mtu akisema "naukataa ufeministi" muulize tawi gani, maana ukikata mti mzima umekata na kura ya mkeo na cheti cha binti yako.

Huku kwetu neno lililoingia kabla ya ufeministi ni Beijing. Wa umri wangu mtakumbuka. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa wanawake huko China, wa nne, na katibu mkuu wa mkutano alikuwa mama yetu Gertrude Mongella, wa Ukerewe. Badala ya mtaa kujivunia, Beijing likageuka tusi. Mke akiuliza pesa imekwenda wapi, "ana Beijing huyo." Binti akikataa posa, "Beijing imemuingia." Baadaye likaja hamsini kwa hamsini, nalo likawa vilevile. Kisichosemwa ni kwamba wahafidhina walikuwemo ndani ya ukumbi uleule. Vatikani ilipeleka ujumbe wake ukiongozwa na mwanamke, Mary Ann Glendon, profesa wa sheria wa Marekani, wakakubaliana na mengi kuhusu elimu ya wasichana, umaskini na ukatili, wakakataa hasa yale ya afya ya uzazi walipoona yanafungua mlango wa utoaji mimba. Na mwaka huohuo Papa Yohane Paulo wa Pili akaandika akiwaomba wanawake waanzishe ufeministi mpya, unaotetea uhai. Mtu kama huyu hakusema "hakuna dhuluma", alisema dhuluma ipo ila dawa yenu siikubali yote. Kuna tofauti kubwa hapo.

Sasa nije kwetu Pwani, maana ndiko moyo wangu uliko.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mdigo wa upande wa Moa, kule Mkinga. Alikuwa na minazi 32, ya kwake, aliipata kwao. Nikiwa mtoto nilikuwa naenda likizo na nakumbuka asubuhi moja babu alitaka kuja Tanga mjini, hana nauli, akasimama pale mlangoni jikoni, hakuingia, akasema, "Mama Fulani, naomba niangushe nazi kumi." Bibi yuko anakuna, hakuinua kichwa, akasema "angusha nane." Babu akaangusha nane. Huyu ndiye bibi aliyekuwa hatoki nje bila kumuaga mumewe, aliyejifunika kaniki na kanga mpaka kifo chake, aliyetufundisha kumpigia baba magoti tukimpa maji. Ukimwambia kuhusu ufeministi angekuuliza ni dawa ya nini. Lakini nazi zake zilikuwa zake.

Hii si hadithi ya bibi mmoja mkali. Kwenye sheria ya Kiislamu mahari ni ya mwanamke mwenyewe, sura ya Nisaa aya ya 4 inaamrisha apewe, na mali anayoingia nayo kwenye ndoa au anayoichuma akiwa ndani ya ndoa inabaki yake, mume hana mkono humo, na jina la baba yake halibadilishi. Linganisha na Uingereza ya wakati uleule wa masultani wetu, mwanamke akiolewa mali zake zinazohamishika zinakuwa za mume, hata mshahara wake, mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipobadilisha. Kwa hiyo sheikh akisimama akasema wanawake wa Ulaya walipigania kitu ambacho Uislamu ulishakitoa karne 14 zilizopita, kwenye hili la mali hasemi uongo, na wanaharakati wetu wakiwa wanasimulia historia ya wanawake wa dunia kama vile sote tulitoka kwenye kifungo kilekile cha Waingereza wanakosea, wanatunyang'anya bibi zetu.

Na mila nazo si moja. Wadigo zamani urithi ulikuwa unapita upande wa mama, mtoto wa dada ndiye anamrithi mjomba wake, mjomba ndo mwenye sauti kwa watoto. Panda milimani kwa Wasambaa, mambo yanapita kwa baba. Kutoka Lushoto kuja Mkinga ni safari ya siku moja kwa basi, na humo ndani umeshakutana na mila mbili zinazopingana. Kwa hiyo mtu akisema "mila zetu za Kiafrika zinasema mwanaume ndo mwenye watoto" namuuliza mila za nani, za milimani au za ufukweni? Huku ufukweni kwa Wadigo dini ilipozidi kushika ndo upande wa baba ukapata nguvu, na wazee waligombana kweli, huyu anavuta kwa sheria, huyu anavuta kwa mila. Yaani hata hicho tunachokihifadhi kiliwahi kuwa kigeni.

Kuna jambo moja nikilisema kwenye kikoba watu wanadhani natunga. Wengi wetu Waislamu wa Pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, vya madhehebu haya, vya zamani, vilivyoandikwa na wanaume wenye ndevu ambao hawakuwahi kusikia Beijing, vinasema kupika, kufua na kusaga si wajibu wa kisheria wa mke kwa mumewe. Akifanya ni hisani, ni mapenzi, ni mazoea mazuri, analipwa thawabu, lakini mume hawezi kumshtaki kwa kadhi kwamba hakupika. Wajibu wa kumlisha mke uko kwa mume, na kama mke kwao alizoea mtumishi basi mume amletee mtumishi. Soma tena hapo. Kijana anayesema "dini imesema mke kazi yake jiko" hajasema dini, kasema mazoea. Mazoea hayo mi nayapenda, nimekua nayo, lakini yaitwe kwa jina lake.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Uhafidhina wa kweli, huu wa kwetu, kiini chake ni deni. Ile aya ya 34 ya Nisaa inayosomwa sana, kwamba wanaume ni wasimamizi wa wanawake, inaendelea na kutoa sababu, na mojawapo ni mali wanazozitoa. Usimamizi umefungwa kwenye kutoa. Masheikh wanaita nafaqa, sisi tunasema matumizi, chakula, nguo, pahala pa kulala. Wakristo nao hivyohivyo, mchungaji kule Muheza atakusomea Waefeso sura ya 5 wake wawatii waume, lakini mistari michache chini waume wanaambiwa wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda kanisa akajitoa kwa ajili yake, na kujitoa kwa Kristo ni kufa msalabani, siyo kuacha elfu tatu mezani ukaondoka na boda.

Ukishaelewa hili la deni utawaelewa hata wahafidhina wa mbali. Marekani miaka ya 70 kulikuwa na pendekezo la kuingiza kwenye katiba yao kwamba haki zisibaguliwe kwa jinsia. Bunge lao likapitisha 1972, ikabaki majimbo 38 yaridhie. Akatokea mama mmoja, Phyllis Schlafly, mama wa watoto sita, akazunguka nchi nzima kulipinga, na wakati muda unaisha 1982 yalikuwa yamefika majimbo 35 tu. Watu wanamsema kama mwanamke aliyewachukia wanawake wenzake, lakini sikiliza hoja yake. Alisema mke wa nyumbani ana haki ya kutunzwa na mumewe, na binti ana haki ya kutopelekwa vitani kwa lazima, mkifuta tofauti zote mbele ya sheria mnamfutia mwanaume deni lake na mwanamke hapati kitu badala yake. Bibi yangu wa Moa angemwelewa neno kwa neno. Hoja ya nguvu ya wahafidhina ni hiyo, kwamba mnatunyang'anya tunachodai, na wala haihitaji kusema mwanamke ni dhaifu.

Na jibu zito la mafeministi ni swali moja tu. Deni lisilokusanywa ni deni?

Kwa Tanga hili si la nadharia. Mkoa huu umejengwa na katani. Mjerumani Richard Hindorf alileta miche 1893, ikasalimika 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani, kutokea hapo mashamba yakaenea mpaka Korogwe, na miaka ya 60 mwanzoni nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki 2 kwa mwaka, hakuna nchi duniani iliyotuzidi. Baba zetu walikuwa na mshahara. Ulikuwa mdogo, manamba waliteseka sana wasikudanganye mtu, lakini ulikuwepo, mwisho wa mwezi mwanaume anakuja na kitu mkononi. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967 na uendeshaji ukayumba, mpaka miaka ya 90 katani haifiki tani elfu 40. Na viwanda navyo mjini vikafunga kimoja kimoja, cha mbolea kikafa, wanaume wazima wakakaa barazani kucheza bao saa nne asubuhi.

Nani akalisha watoto? Mama zetu. Walianza kukaanga mihogo, kuuza samaki wa pale Deep Sea, wanakoshusha wavuvi, kupika chapati, kushona, kuingia upatu. Mama yangu alikuwa anaamka saa tisa usiku kuumua maandazi, mimi nikiwa darasa la nne nayabeba kwenye ndoo mpaka Ngamiani kabla ya kengele ya shule, na baba yupo amelala, na akiamka anapewa chai na andazi katika yale yale, na bado ni kichwa cha nyumba, na mama bado anamuaga akitoka. Simsemi vibaya baba yangu, Mungu amrehemu, alivunjika moyo siku alipopunguzwa kazi na hakurudi tena kuwa yule. Nataka mwanangu wa video aelewe tu kwamba mama yangu hakutolewa nyumbani na ufeministi, hakuwahi hata kulisikia neno hilo. Alitolewa na bei ya katani.

Ndo maana nikisikia wahafidhina wanalaumu wanaharakati kwa kila nyumba iliyovunjika nasikitika, kwa sababu adui wao wa kweli wamemwacha. Kama kweli unaamini mwanaume alishe nyumba, basi ajira ya mwanaume, mshahara unaotosha, bei ya zao, hiyo ndo ingekuwa ajenda yako ya kwanza kila Ijumaa na kila Jumapili. Mbona hatuisikii? Tunasikia nguo za mabinti.

Ila na upande wa pili lazima niseme. Wahafidhina wana malalamiko moja ambayo mafeministi wetu wengi hawataki kuyasikia, nayo ni kwamba mwanamke kaongezewa mzigo na mwanaume kapunguziwa. Miradi yote inamlenga mwanamke. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ni jambo jema na wapo niliowaona wameinuka. Lakini ikaja na ile mingine ya mtaani, kausha damu, mama anakopa laki 2 anarejesha kila wiki, anafuatwa mpaka jikoni, kitanda kinabebwa, na mumewe tangu alipojua mke ana kikundi kaacha kabisa kutoa hela ya kula. "Si una mradi?" Ndo neno lake. Tumefikia mahali mtaani kuna jina la mwanaume anayelelewa na mwanamke, marioo, na hakuna anayeshangaa tena. Uwezeshaji ambao unamwacha baba akitoka huru na mama akitoka na madeni mawili, la benki na la sufuria, bibi yangu asingeuita ukombozi, na mi pia siuiti.

Kuna pale dini na mila zinapogongana na wahafidhina wetu wanakaa kimya, na kimya hiki kinaniuma kuliko yote. Urithi. Wote tunajua mtoto wa kiume mafungu mawili wa kike moja, na mafeministi wanalipinga hilo, na masheikh wanalijibu kwamba mwanaume ana jukumu la kutunza na mwanamke hana, ni mjadala wa haki kabisa tuwaachie wenye elimu. Ila twende kwenye familia zenyewe. Aya ya 7 ya sura ileile inasema wanawake wana fungu, kiwe kidogo kiwe kingi. Mimi nilikaa kwenye kikao cha arobaini ya babu mkubwa upande wa baba, kuna shamba la michungwa Muheza, wajomba na baba wadogo wamekaa kwenye mkeka, shangazi zangu watatu wamekaa ndani na sisi, mlango umefungwa nusu. Tunasikia wanagawa. Likafika neno "na hawa dada zetu", mmoja akasema dada zetu wana waume zao, msiwasumbue. Basi, likaisha. Hata lile fungu moja halikutoka. Shangazi yangu mkubwa alikuwa na kibakuli cha halua mkononi, akaendelea kukishika hivyohivyo, hakula hakukiweka chini. Na waliomnyima wote wanaswali safu ya mbele. Kwa hili nani alikuwa mhafidhina, aliyeinyamazia aya au ambaye angeisoma?

Sheria ya nchi nayo inachekesha kwa jinsi ilivyo ya kihafidhina na ya kifeministi kwa pamoja. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63 kinamlazimisha mume kumtunza mke, ile ile nafaqa ya masheikh imo kwenye sheria ya serikali. Cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Halafu hapohapo cha 13 kikaruhusu binti wa miaka 15 aolewe wakati mvulana mpaka 18. Rebeca Gyumi akakipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye 2016, na Mahakama ya Rufani 2019 ikasimamia hapohapo, kwamba kinapingana na katiba. Najua hoja ya baleghe, nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Mi nimechezwa ngoma, nimewekwa ndani, kungwi wangu alinifundisha kwa miezi, na yeye yule, mwanamke wa mila kuliko wote niliowajua, aliniambia mwari si mke, mwari ni mwanafunzi. Kumwoza mtoto wa miaka 15 na kusema ni mila, mi sikubali.

Na ipo kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, ambayo natamani kila mhafidhina aijue. Mke wa nyumbani kaachwa, anadai sehemu ya mali, na swali ni je, kupika na kulea watoto ni kuchangia mali ya nyumba au siyo? Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakasema ndiyo, kazi ya nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe kwa mambo ya kesi yake hakutoka na kitu, kuna pesa alishapewa na mume ikahesabika, lakini kanuni ikabaki na mpaka leo ndo inayotumika. Wapo masheikh hawaipendi, wanasema kwetu mali ya mume ya mume na ya mke ya mke, anayeachwa apewe kitoka nyumba chake, yaani kile cha kumliwaza anapoachwa, na eda yake itunzwe. Naielewa hoja yao, ndo sheria ileile iliyolinda nazi za bibi. Ila bibi alikuwa na minazi. Mwanamke ambaye hakurithishwa kitu na kaka zake, akaambiwa asifanye kazi, akakaa jikoni miaka 25 halafu akapewa talaka kwa meseji, ule utengano wa mali unamlinda nini? Na waliosema kazi ya mama wa nyumbani ina thamani kubwa kuliko ofisi walikuwa ni nyie wahafidhina. Mahakama imekubaliana na nyie. Mbona mnakataa?

Nirudi kwa wale wa video, nao sitakaa sana. Hawa si wahafidhina, hata wakijiita hivyo. Maarufu wao Andrew Tate alitangaza kusilimu 2022 na vijana wetu wengi wakadhani basi kila anachosema kuhusu wanawake kimepata mhuri. Wasikilize vizuri. Wanataka utii bila nafaqa, wanataka mke asiye na kazi ila wakati huohuo wanamwita mpenda pesa akiomba hela ya mboga, wanasema ndoa ni mtego kwa mwanaume. Sisi Waislamu tunafundishwa ndoa ni nusu ya dini, na dini zote mbili za hapa Tanga zinamtaka mwanaume aingie na mzigo begani. Hao wamechukua haki za mume wakaliacha deni mlangoni. Bora nibishane siku nzima na sheikh mkali wa mtaani kwangu ambaye akija baraza la usuluhishi la ndoa anamuuliza mwanaume kwanza, "umeacha nini nyumbani leo?"

Mwanangu alirudi baada ya Idi. Safari hii hakuwa na video, alikuwa na karatasi kutoka kwa wakwe, mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama, vitu vya kitanda, na chini kabisa kwa mwandiko mwingine, nadhani wa binti mwenyewe, kwamba ataendelea kufundisha. Akaisoma mara mbili pale kwenye benchi.

"Mamdogo, sasa mshahara wake utakuwa wa nani?"

"Wake."

"Na kodi ya nyumba?"

"Yako."

"Na chakula?"

"Chako, mwanangu. Akikusaidia ni hisani yake, mshukuru."

Akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaanza kujumlisha.